Runinga ya intaneti ughaibuni: Kiboksi cha rahisi kilichokula fedha ya mbolea

Na Mwandishi Wetu

JIONI ya Januari 17, 2024, mpwa wangu anayefanya kazi ya udereva mjini Muscat, Oman, aliwaalika wenzake wanne chumbani kwake. Ilikuwa siku ya Taifa Stars kucheza na Morocco katika Fainali za Mataifa ya Afrika nchini Ivory Coast. Chai na sambusa vilikuwa tayari, na runinga ilikuwa imeunganishwa na kiboksi kipya cha intaneti.

Ilipofika saa tatu usiku kwa saa za Oman, muda wa mpira kuanza, kioo kilikuwa cheusi. Alizima akawasha, akachomoa waya akaurudisha, hakikutokea kitu. Alimpigia aliyemuuzia, simu haikupatikana. Alipotazama WhatsApp akakuta amezuiwa. Stars walifungwa mabao 3-0, na yeye na wageni wake wakayapata matokeo hayo kwa kusoma kwenye simu.

Kiboksi hicho alikinunua mwanzoni mwa Desemba kwa rial 40, zikiwemo fedha za kutazama "chaneli 5,000 kwa mwaka mzima". Kwa fedha zetu ni zaidi ya Sh250,000. Kilifanya kazi kwa wiki sita tu.

Huku nyumbani, Mbozi, dada yangu alikuwa akisubiri fedha ya mbolea ya kukuzia mahindi. Mwezi ule kilichotumwa kilikuwa pungufu. Ekari mbili zilipata mbolea kwa wakati, ya tatu ikasubiri, na mahindi hayamsubiri mtu.

"Mjomba, nimepigwa," aliniambia kwa simu siku chache baadaye. Alikuwa na aibu zaidi ya hasira.

Wasomaji wengi wa ukurasa huu wana mtoto, ndugu au mshirika wa biashara aliye ughaibuni, iwe ni Uarabuni, Uingereza, Marekani au China. Wapo pia wafanyabiashara wanaokaa Dubai au Guangzhou kwa miezi kadhaa wakikusanya mzigo. Wote hao hutamani kuona habari za nyumbani, mpira na tamthilia kwa Kiswahili. Katika makala haya tutaeleza namna ya kuchagua runinga ya intaneti ya kuaminika, ili fedha iliyotafutwa kwa jasho isiishie kwenye kiboksi kilichozimika.

Kanuni yake si ngeni kwa mkulima. Ukinunua mbegu unatazama pakiti kama ina lebo ya TOSCI, unamjua mwenye duka na unadai risiti. Mtu akikuuzia mbegu kwa nusu ya bei kutoka kwenye buti la gari, unajua unacheza kamari. Runinga ya intaneti ni hivyo hivyo. Swali la kwanza ni nani anauza na kama ana haki ya kuuza. Idadi ya chaneli ni jambo la baadaye.

Kwa nini cha Dar hakionekani Muscat

Watu wengi wanaohamia nje hudhani kwamba wakiwa na intaneti nzuri wataona kila kitu walichokuwa wakikiona nyumbani. Hufungua programu ya king'amuzi chao na kukutana na ujumbe kwamba huduma hiyo haipatikani katika nchi waliyopo. Wengine huona wameonewa.

Sababu yake ni ya kibiashara. Haki za kuonyesha mashindano, filamu na vipindi huuzwa kwa maeneo, kama vile kampuni ya soda inavyogawa mikoa kwa mawakala wake. Kampuni iliyonunua haki ya kuonyesha ligi fulani Afrika hairuhusiwi kuionyesha Ulaya, kwa kuwa huko haki hiyo imenunuliwa na mwingine.

Mfano mzuri ni Ligi Kuu ya Uingereza. Kusini mwa Jangwa la Sahara tumezoea kuiona SuperSport kupitia DStv. Ukivuka kwenda Oman, Qatar au Falme za Kiarabu, mwenye haki ni beIN Sports. Ukiwa Uingereza kwenyewe utaikuta Sky na TNT Sports. Ligi ni ile ile, lakini kila soko lina mwenyewe.

Programu inajua ulipo kwa kuangalia namba ambayo kila kifaa hupewa kinapoingia kwenye intaneti. Namba hiyo huonyesha nchi. Ndiyo maana akaunti iliyofunguliwa Dar es Salaam inaweza kukataa kufanya kazi Muscat hata kama malipo yake hayajaisha.

Kutokana na utaratibu huo hakuna huduma moja halali inayoweza kukupa kila kitu. Anayesema anacho kila kitu, cha nchi zote, kwa bei moja, amekwisha kukueleza kwamba hakununua haki ya chochote.

Hesabu ya mfanyabiashara

Tufanye hesabu ndogo. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini mkataba wa miaka 10 na Shirikisho la Soka Tanzania (TFF) wenye thamani ya Sh225.6 bilioni kwa ajili ya haki za kuonyesha Ligi Kuu Bara. Ukigawa kwa miaka 10, ni wastani wa zaidi ya Sh22.5 bilioni kwa mwaka. Hiyo ni ligi moja tu, ya nchi moja.

Mpwa wangu alilipa rial 40, yaani kama rial tatu na ushee kwa mwezi, na akaahidiwa ligi yetu, ligi za Ulaya, filamu za Marekani na chaneli za Kihindi. Mfanyabiashara yeyote wa sokoni anaelewa kwamba huwezi kuuza gunia kwa bei ya debe kama gunia hilo ulilinunua. Ukiona linauzwa hivyo, limeibwa.

Na mali ya wizi haina dhamana. Mwenye mali au polisi akija, aliyeuza hukimbia na aliyenunua hubaki na mkoba mtupu.

Hayo yametokea mara nyingi. Kuanzia mwaka 2017 katika nchi za Ghuba kulienea viboksi vya beoutQ, ambavyo vilikuwa vikiiba matangazo ya beIN Sports na kuyauza kwa bei poa. Agosti 2019 matangazo yake kwa njia ya satelaiti yalizimika, na waliokuwa wamelipia muda mrefu wakabaki na kiboksi tupu.

Uingereza nako, Mei 2023 watu watano waliokuwa wakiendesha mtandao ulioitwa Flawless walihukumiwa vifungo ambavyo kwa jumla vilizidi miaka 30. Walikuwa wakiuza mechi kwa pauni 10 kwa mwezi na walikuwa na wateja zaidi ya 50,000. Novemba 2024 polisi wa Italia, wakishirikiana na wenzao wa nchi nyingine za Ulaya, walivunja mtandao ambao walisema ulikuwa na watumiaji wapatao milioni 22. Katika kila tukio la namna hii, aliyelipa kifurushi cha mwaka hana pa kudai.

Hatari iliyo ndani ya kiboksi

Kupoteza kifurushi si hasara pekee. Juni 2025 Shirika la Upelelezi la Marekani (FBI) lilitoa tahadhari kuhusu vifaa vya nyumbani vinavyounganishwa na intaneti, vikiwemo viboksi vya runinga vya bei rahisi, ambavyo huingizwa programu za kihalifu. Baadhi huwa nazo tangu kabla ya kununuliwa, na vingine huzipata mtumiaji anapopakua programu kutoka kwenye masoko yasiyo rasmi. Mtandao huo wa uhalifu umepewa jina la BADBOX 2.0. Mwezi uliofuata kampuni ya Google iliwafungulia kesi waendeshaji wake, ikieleza kwamba vifaa zaidi ya milioni 10 vilikuwa vimeathirika.

Kiboksi cha aina hiyo huwa kama mlinzi uliyemwajiri mwenyewe halafu akawafungulia wezi mlango. Wahalifu hutumia intaneti ya nyumba yako kufanya uhalifu wao, na alama zinazobaki ni zako. Kwa mtu anayeishi nchi ya watu kwa kibali cha kazi, hilo si jambo dogo. Isitoshe, intaneti hiyo hiyo ndiyo anayotumia kuingia benki na kutuma fedha nyumbani.

Dalili za kiboksi cha mashaka zinajulikana. Hakina jina la mtengenezaji anayefahamika. Kinatangazwa kwamba "kimefunguliwa" na kinaonyesha kila kitu bure. Wakati wa kukiwasha kinakutaka uzime ulinzi wa Google Play Protect, au upakue programu kutoka soko lisilojulikana. Ukikutana na hayo, kirudishe dukani siku hiyo hiyo.

Kilicho halali na kinachopatikana

Habari njema ni kwamba mtu anayetaka habari za nyumbani hahitaji kiboksi chochote. Vituo vingi vya Tanzania na Kenya, vikiwemo ITV na Citizen, huweka taarifa zao za habari kwenye YouTube, na vingine hurusha matangazo moja kwa moja. Idhaa za Kiswahili za BBC na DW nazo huweka video huko huko. Simu ya kawaida au runinga yoyote ya kisasa inatosha.

Kitu kimoja cha kuangalia hapo ni kama ukurasa ni wa kituo chenyewe. Kuna watu huchukua jina na nembo ya kituo, wakaweka video ya zamani na kuandika "mubashara", kisha chini yake wakaweka namba ya kulipia. Njia salama ni kuanzia kwenye tovuti ya kituo husika na kufuata kiunganishi kilichopo pale.

Kwa mpira wa nyumbani na tamthilia, Azam Media wana programu yao ya AzamTV Max. Kabla ya kulipia, ipakue kwanza kutoka kwenye soko rasmi la programu la simu yako, ukiwa katika nchi unayoishi. Isipoonekana kwenye soko hilo, au chaneli unayoitaka isipotajwa, usilipe mpaka upate maelezo ya huduma kwa wateja. Usimtume mtu wa Dar akulipie kwanza halafu ndipo ujaribu.

Kwa mashindano makubwa kama Fainali za Mataifa ya Afrika au ligi za Ulaya, tafuta mwenye haki katika nchi uliyopo. Kwa mpwa wangu usiku ule, mwenye haki alikuwa beIN. Angeweza kwenda na wenzake kwenye mgahawa unaoonyesha mechi kwa leseni, wakanywa chai kwa fedha kidogo, na rial zake 40 zikabaki mfukoni.

Kasi, bando na majira

Huduma inaweza kuwa halali na bado ikakukera kwa sababu intaneti yako haitoshi. Hapa vipimo vya Netflix vinasaidia hata kwa huduma nyingine. Kampuni hiyo hushauri kasi ya megabiti 3 kwa sekunde au zaidi kwa picha nzuri ya kawaida, megabiti 5 kwa picha angavu kabisa na megabiti 15 kwa picha za kiwango cha 4K.

Kinachoumiza wengi zaidi ni ukubwa wa bando. Kwa makadirio ya Netflix, saa moja ya picha ya kiwango cha kawaida (SD) hutumia hadi gigabaiti 1, na saa moja ya picha angavu hadi gigabaiti 3. Anayetazama taarifa ya habari saa moja kila siku kwa kiwango hicho cha kawaida atatumia hadi gigabaiti 30 kwa mwezi. Anayetazama saa mbili kwa picha angavu atafikia gigabaiti 180. Kama intaneti ya chumba inachangiwa na watu watano, mkubaliane mapema, maana bando likiisha tarehe 15 lawama zitakuwa zako.

Pima kasi hiyo usiku, kwa kuwa ndio muda ambao watu wote wamerudi kazini na wako mtandaoni. Kasi ya saa nne asubuhi isikudanganye.

Jambo jingine linalosahaulika ni majira. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku Dar es Salaam, Muscat ni saa tatu usiku, na hapo hakuna tatizo. London ni saa kumi na mbili jioni wakati wa kiangazi chao, na saa kumi na moja jioni wakati wa baridi. New York ni saa saba mchana au saa sita mchana, wakati mtu yuko kazini. Kwa hiyo aliye Marekani asilipie huduma inayorusha moja kwa moja tu. Anahitaji ile inayomruhusu kutazama kipindi baadaye akirudi nyumbani.

Sheria ya nchi ya watu

Kabla ya kuchagua, ni lazima kujua sheria ya nchi unayoishi. Uingereza, kwa mfano, kila nyumba inayotazama televisheni moja kwa moja inatakiwa kuwa na leseni ya televisheni, ambayo kuanzia Aprili 2025 ilikuwa pauni 174.50 kwa mwaka. Wengi wetu huko hudhani leseni hiyo ni ya wanaotazama BBC peke yake. Si kweli. Inahusu matangazo ya moja kwa moja ya chaneli yoyote ya televisheni, hata ya nje ya Uingereza, na hata kama unatazama kwa simu. Asiyekuwa nayo anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 1,000. Hata hivyo, kutazama video za kawaida za YouTube zilizokwisha rekodiwa hakuhitaji leseni.

Wapo wanaoshauri kutumia programu za VPN, zinazoficha mahali mtumiaji alipo, ili kuidanganya huduma kwamba uko Dar. Ushauri huo una miiba. Kwanza, huduma nyingi hukataza jambo hilo katika masharti yao na zinaweza kufunga akaunti. Pili, katika Falme za Kiarabu sheria ya makosa ya mtandao ya mwaka 2021 inaweka faini ya kuanzia dirham 500,000 hadi milioni mbili kwa anayeficha anwani yake ya mtandao ili kutenda kosa. Hakuna mechi yenye thamani hiyo.

Kwa wanaokwenda Guangzhou, wajue kwamba YouTube, Facebook na WhatsApp zimezuiwa China. Mpango wa kutazama habari kwa YouTube haufanyi kazi huko kama ulivyozoea. Mfanyabiashara wa safari ya wiki mbili ni afadhali apakue vipindi kwenye simu kabla ya kuondoka, kwa programu zinazoruhusu.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutoa fedha

Msomaji anaweza kukata kipande hiki akamtumia ndugu yake aliye nje.

Kwanza, kampuni hii ina jina, ofisi na anwani inayojulikana, au ni namba ya WhatsApp tu?

Pili, programu yake inapatikana kwenye soko rasmi la simu au la runinga katika nchi ninayoishi?

Tatu, ni chaneli gani hasa ninazozihitaji? Andika tatu au nne. Watu wengi hulipia 200 na kutazama tatu.

Nne, naweza kulipa kwa mwezi mmoja na kusitisha nikitaka? Usilipe mwaka mzima kwa huduma ambayo hujaijaribu hata miezi mitatu, hata ukipewa punguzo.

Tano, nalipa kwa njia gani? Malipo ya kadi au kupitia soko la programu huacha risiti na mahali pa kulalamikia. Fedha uliyomtumia mtu binafsi ikishaondoka imeondoka.

Sita, siku ya kwanza niliyojaribu usiku, picha ilikwama mara ngapi? Kama ilikwama kila baada ya dakika chache kwenye habari, siku ya mechi itakuwa mbaya zaidi.

Kwa wauza viboksi

Neno la mwisho ni kwa wafanyabiashara wadogo wanaoleta viboksi kutoka Dubai na Guangzhou na kuwauzia wasafiri. Kiboksi chenyewe si haramu. Kinachoharibu biashara ni kukiuza kikiwa kimejazwa programu za wizi, huku ukiahidi "mwaka mzima" kwa niaba ya mtu usiyemjua aliyeko mbali. Siku atakapozima mitambo, mteja atakuja kwako, na jina litakaloharibika sokoni ni lako.

Leta vifaa vyenye jina, vilivyothibitishwa na Google, toa risiti na dhamana, na mweleze mteja wazi kwamba chaneli atalipia mwenyewe kwa wenye nazo. Faida itakuwa ndogo kwa kila kimoja, lakini mteja atarudi na atamleta mwenzake.

Mpwa wangu bado yuko Muscat. Kile kiboksi alikitupa. Habari anazitazama YouTube kwa simu, mpira wa nyumbani analipia mwezi ule tu anaotaka, na mechi kubwa anakwenda mgahawani na wenzake. Siku hizi fedha ya mbolea huituma kwanza, ndipo anapofikiria runinga.

"Mama akishaniambia mbolea imefika shambani, hapo hata nikitazama mpira natazama kwa raha," aliniambia.